Sikio la Angani Kwenye Ua

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Najua mnasoma kwa simu. Basi ishikeni vizuri, na msiruke kwingine mpaka nimalize. Mmezoea kusikia kwamba mambo ya angani ni ya nchi kubwa, na ya watu waliosoma mpaka macho yakachoka. Mimi nilitoka shuleni mapema nikaenda kuchuna majani chai, na nawaambia mambo ya angani yalifika hapa kwangu, yakakwama kwa mti wa jirani. Nchi nne zilikuwa zimeshakubaliana. Waliobaki bila kukubaliana ni wanawake wawili wazee.

Nianze na mjukuu wangu. Huyu ni msichana wa kifungua mimba wangu. Alisomea mitambo ya redio Nairobi. Wengi wakimaliza masomo huko hawarudi. Wanakuja Krismasi na viatu visivyoweza matope, wanakula kuku, wanaondoka. Yeye alirudi na gambuti, akaniambia, "Kogo, nimepata kazi, na kazi yenyewe iko hapa nyumbani." Kogo ndilo jina la nyanya kwetu Wakipsigis. Nilimwambia avue gambuti kwanza, nimepiga deki. Lakini moyoni nilikuwa nimeshafurahi, na usiku huo nilimchemshia maziwa mimi mwenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Nchi nne, yaani sisi, Uganda, na mbili za ng'ambo, zilikuwa zinatengeneza setilaiti moja ndogo, ukubwa wa pakiti ya unga ya kilo mbili. Ingezunguka juu ikipiga picha za milima yenye chai, ionyeshe mvua ya mawe imepiga wapi na baridi imechoma wapi. Nchi moja ilileta kamera. Nyingine ilitafuta roketi ya kuibeba. Uganda walipewa kazi ya kuzisoma picha. Sisi tulipewa kazi ya kuweka antena ya kusikiliza, kwa sababu mji mkubwa una kelele nyingi za redio na mlima wetu uko juu na umetulia. Mjukuu aliita ile antena sikio, ili mimi nielewe. Nilikuwa nimeelewa tayari, lakini jina nililipenda, likabaki.

Ruhusa ilitoka Nairobi ikapita Bomet. Mimi nikatoa mahali, pale penye mwinuko kando ya zizi. Asubuhi iliyofuata, kwenye kituo cha kupimia majani, sikunyamaza. Wanawake walikuwa kwenye foleni na magunia yao, na mimi nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni kwamba angani sasa patasikilizwa kutoka kwa boma langu. Jirani yangu alikuwa hapo kwenye foleni. Alifunga gunia lake kwa nguvu.

Huyu jirani ni Mkisii. Bwana yake alikuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, baadaye akanunua hiki kipande kilicho juu ya chetu. Tumezeeka tukitenganishwa na ua mmoja wa miti ya miiba. Wanaume wetu wote wawili wamelala chini sasa. Sisi tumebaki, na Kiswahili chetu cha huku milimani, yeye akikivuta kwa Kikisii na mimi nikikivuta kwa Kikipsigis. Kwake, karibu kabisa na ua, kulikuwa na blugamu, ule mkaratusi mrefu. Huo mti ulikunywa maji ya shamba langu, ukafunika mistari yangu ya chai isione jua, na mwaka mmoja ukaangusha tawi juu ya zizi langu, mabati yakakunjika kama karatasi. Niliuzungumzia huo mti kanisani, sokoni Kapkatet, na kwa chifu. Kila nilipouzungumzia, ulirefuka.

Basi siku moja mjukuu alisimama pale kwenye mwinuko na kifaa chake cha kupimia, akaangalia upande jua linakotua, akashusha mkono.

"Kogo, sikio halitaona huku. Majani ya mti yana maji, na maji yanameza sauti. Setilaiti ikipita, nusu ya safari yake tutakuwa viziwi."

"Sogeza."

"Nikisogeza chini tunaingia bondeni. Wageni wanakuja kukagua. Wakikuta halioni, mkataba unasema sikio liende mahali pa pili."

"Mahali pa pili ni wapi?"

Akanitajia chuo fulani, mbali, upande wa kaskazini.

"Na wewe?"

"Mimi naenda na sikio, Kogo."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa. Vijana, msidhani nililia kwa sababu ya setilaiti. Setilaiti ingesikika popote. Lakini nyumba yangu ilikuwa imepata sauti ya kijana asubuhi, mtu wa kukamua nami na kunibishia, na sasa blugamu ilitaka kuninyang'anya huyo mtu.

Wageni walifika watatu, na nikawalaza kwangu. Mmoja alikuwa kijana mrefu wa Ulaya, ambaye aligonga kichwa kwenye mlango wa jikoni kila alipoingia, mpaka nikafunga kitambaa pale juu. Mwingine alikuwa mama mfupi kutoka nchi za mashariki ya mbali, mwenye kucheka bila sauti. Wa tatu alikuwa bwana wa Uganda, na Kiswahili chake kilisaidia. Jioni hiyo mvua ilipiga mabati, tukakaa jikoni tukila ugali na isagek, mboga zetu za kienyeji, nao wakaanza kunieleza sheria za angani. Yule wa Uganda alitafsiri, mjukuu akamsahihisha.

Walisema mataifa yalikaa chini zamani yakakubaliana kwamba hakuna nchi inayoweza kusema mwezi ni wake, hata ikifika kwanza na kusimamisha bendera.

"Hakuna taito, kama hati ya shamba?" nikauliza.

"Hakuna taito, mama."

Wakasema pia mtu wa angani akianguka kwenye nchi isiyo yake, wenyeji lazima wamsaidie na kumrudisha kwao salama.

"Hiyo ni sheria ya ng'ombe," nikawaambia. "Ng'ombe wa mtu akiingia kwako usiku, unamfunga, unampa nyasi, unatuma habari kwa mwenyewe."

Yule mama mfupi aliposikia alicheka bila sauti, akaandika.

Halafu wakasema, kitu cha nchi fulani kikianguka kutoka juu kikavunja nyumba ya mtu, ile nchi iliyokirusha inalipa.

Niliweka sahani chini. "Rudia hiyo."

Bwana wa Uganda akarudia.

"Kwa hiyo kitu kikitoka huko juu kabisa kikavunja zizi langu, nalipwa?"

"Unalipwa, mama."

"Na tawi la blugamu?"

Mjukuu alifunika uso. "Kogo, tafadhali."

"Nauliza tu. Sheria imefika mwezini, na hapa kwa ua bado haijafika."

Asubuhi niliamua wageni waende kumwomba jirani. Nilifikiri, mimi akinikataa ni kawaida yake, lakini mgeni aliyetoka mbali hivyo, nani atamkataa? Mjukuu alikuwa ameteremka Kapkatet kutafuta nati na bolti. Nilichukua kibuyu changu kizuri, chenye mursik, maziwa yetu ya mgando, iliyokaa vizuri, ile nyeusinyeusi ya mkaa wa mti wa senetwet, nikampa yule mrefu abebe. Nikamwambia bwana wa Uganda desturi, na nikamwambia vizuri: anayeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya mwenye nyumba, ndiyo ajue hakuna ubaya ndani. Akatikisa kichwa kukubali. Hata kwao, akasema, ni hivyo hivyo.

Nilibaki kwenye chai nikichuna, jicho moja kwa majani na jicho moja kwa barabara. Walikaa huko. Wakarudi wakitabasamu, yule mrefu amebeba kibuyu kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa.

"Amesema nini?"

"Hakusema sana," akajibu bwana wa Uganda. "Tulionja kama ulivyotuambia."

"Nani alionja?"

"Sote. Mimi kwanza. Halafu huyu mrefu, maana naye ni mleta zawadi. Halafu mama. Yule mwenye nyumba alikuwa anatuangalia tu, hatoi mkono, kwa hiyo tukadhani bado hajaridhika. Tukaonja tena."

Nilitazama yule mama mfupi. Kwenye mdomo wake wa juu kulikuwa na mstari mweusi wa mkaa.

"Mkaonja mpaka wapi?"

Bwana wa Uganda alitazama viatu vyake. "Mpaka akatuambia tumpe kibuyu."

"Kibuyu kitupu."

"Alisema kibuyu hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu. Akaenda nyuma ya nyumba, akakijaza."

Nilifungua kizibo. Ilipanda harufu ile ya kutibu mafua. Kibuyu kilikuwa kimejaa majani ya blugamu mpaka shingoni, yameshindiliwa kwa kijiti.

Vijana, mimi si mtu wa kucheka ovyo. Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika mti wa chai. Huyo mwanamke angeweza kuvunja kibuyu, na angeweza kuwafukuza wageni. Badala yake alikuwa amekaa chini akashindilia majani jani kwa jani, na mimi namjua, alikuwa anacheka peke yake akishindilia. Nilivua mfuko wa kuchunia, nikanawa mikono, nikachukua maziwa mengine, nikaenda mwenyewe. Nilizunguka kwa barabara, maana ua wetu haukuwa na mlango.

"Hodi."

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Ingia basi, mama mwenye sikio."

Alikuwa ameketi akipanga ndizi kwenye kikapu. Hakuinuka. Nilionja maziwa mara moja, nikampa. Akayanywa, akapangusa mdomo.

"Sasa hayo ndiyo maziwa. Wale wako walininywea zawadi nikiangalia. Huyo mfupi alilamba hadi kizibo."

"Amependa."

"Atapenda vipi moshi? Nyinyi watu mnakunywa jiko."

"Na nyinyi mnakula ndizi kabla haijajua kama ni ndizi."

Akacheka kidogo, halafu akarudi kwa ndizi zake. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya mti.

"Najua. Tangu niolewe hapa unakuja kwa sababu ya mti."

"Leo si mimi. Ni mtoto. Sikio likienda, naye anaenda."

Hapo mikono yake ilisimama. "Huyu msichana aende wapi tena? Hapo mlangoni ndipo nilimpa ndizi yake ya kwanza. Hakuwa hata na meno."

"Basi kata mti."

"Nikate?" Akaniangalia sawasawa. "Nikikata leo, kesho kwenye foleni ya majani utasema nini?"

Nikashika ndizi moja, nikaipanga kikapuni mwake.

"Nikwambie utakavyosema? Utasema, 'Nilimwambia, nikamwambia, hakusikia, mpaka serikali nne zikaja kumwambia.'"

Nawaambia ukweli, maneno hayo nilikuwa nimeshayatunga njiani, karibu neno kwa neno.

"Kwa hiyo ni hilo tu?" nikauliza. "Unashikilia blugamu ili mimi nisiongee?"

"Hiyo blugamu hata mimi inanisumbua. Inakunywa kisima changu. Ningeikata kitambo, kama si mdomo wako."

Kuku alipita katikati yetu. Nikamweleza zile sheria za angani: ya mtu aliyeanguka, na ya mwezi usio na taito. Alisikiliza akichambua ndizi.

"Hata hao wakubwa hawana taito ya huko?"

"Hawana."

"Basi mbona hilo sikio liko kwako?" akasema. "Kitu ya kusikiza mbingu ya kila mtu, mmeenda kuweka kando ya mavi ya ng'ombe yako, halafu unatangaza kwa foleni."

"Ungetaka liwe wapi? Kwako?"

"Kwangu litakuwa la nini? Likija kwangu wewe hutalala. Wekeni kwa ua. Si kwako, si kwangu. Kila mtu aliangalie akiwa kwake."

Alisema kwa kunichoma tu. Lakini nilifikiria ile kona ya juu ya ua, na nikajua ndiyo mahali pa juu kuliko pote, kwake na kwangu. Sikumwambia. Nilisema, "Ngoja hapo," nikatoka kwa mwendo ambao miguu yangu ilikuwa imeusahau.

Mjukuu alikuwa ndiyo amerudi na bolti zake. Alipanda pale kwenye kona akapima, wageni wakapima, wakaongea Kiingereza kwa haraka. Jirani alikuja upande wake wa ua, mimi upande wangu, tukatazamana juu ya miiba.

"Hapa ni pazuri kuliko pale pa kwanza," mjukuu akasema. "Pazuri sana. Lakini blugamu lazima iende. Na..." Akaangalia nyuma yangu, ua unakoteremka, upande jua linakotokea. "Na avokado yako, Kogo. Ni ndefu."

Avokado yangu. Niliipanda mbegu kwa mkono wangu. Kabla sijafungua mdomo, jirani alisema kutoka ng'ambo:

"Avokado hapana."

Sote tukamgeukia.

"Blugamu kata hata saa hii," akasema, "lakini hiyo avokado, hapana."

"Wewe avokado yangu inakuhusu nini?"

"Matawi yake yote mazuri yamelala huku kwangu. Watoto wangu wamekua na hiyo."

"Mimi nilidhani ni tumbili!" Kila msimu nilikuwa nawatuma watoto wapige madebe kufukuza tumbili.

"Tumbili ni mimi," akasema, bila haya hata kidogo.

Yule wa Uganda alitafsiri, na mara ya kwanza tukamsikia yule mama mfupi akicheka kwa sauti. Kumbe alikuwa nayo, tena kubwa.

Tukafanya mkataba wetu hapo hapo, juu ya ua. Blugamu ingekatwa mpaka kisiki, na mbao zake zitengeneze kibanda cha mitambo. Avokado ingekatwa kichwa tu, na yale matawi ya chini yaliyolala kwake yabaki. Halafu jirani akaweka sharti lake: kwenye kituo cha majani hakuna mtu wa kusema ni mti wa nani ulianguka kwanza. Nikakubali, lakini nikauliza, na kweli ni upi utaanguka kwanza? Akasema wangu. Nikasema wake. Ikabidi tutafute misumeno miwili ya injini, mmoja kila upande, na yule kijana mrefu asimame katikati ya ua, miiba ikimshika suruali, aangushe kitambaa. Kitambaa kilipoanguka misumeno ikalia pamoja. Yule wa Uganda alisema amehudhuria mikutano mingi ya nchi na nchi, na hajaona utiaji saini wenye moshi mwingi hivyo.

Ili kuweka sikio, sehemu ya ua iling'olewa. Likasimama pale, mikono yake ya chuma imechanuka kama mti uliokauka, likageuka kushoto na kulia likijaribiwa, na ng'ombe wakaacha kula wakaliangalia. Wageni walikagua, wakaridhika, wakaaga. Nilimpa yule mama mfupi kibuyu kidogo kilichojaa, nikamwambia mwenyewe, kwa ishara, kwamba hiki anaweza kuonja mpaka mwisho.

Roketi iliruka kutoka nchi ya mbali. Tuliiona kwa simu ya mjukuu, moto mdogo tu, nusu yake imefichwa na kidole cha jirani. Siku chache baadaye, saa ya watu kurudi kutoka kuchuna, mjukuu alituita. Jirani akaja na kigoda chake, akapita pale palipong'olewa, akakaa juu ya kisiki cha blugamu badala ya kigoda, maana alisema kisiki ni chake. Mimi nikachukua kigoda. Sikio likaanza kugeuka polepole, likifuata kitu ambacho hatukukiona, kutoka upande wa jua kutua. Kwenye kibanda kulikuwa na kelele kama ya mvua tu. Mjukuu aliuma mdomo. Halafu ndani ya ile mvua kukatokea mlio mdogo, ti, ti, ti, kama kifaranga anayegonga yai kutoka ndani.

"Ndiyo hiyo?" jirani akanong'ona.

"Ndiyo hiyo."

"Inasema nini?"

"Inasema, niko hapa," mjukuu akajibu. Machozi yalikuwa yanamteremka na alikuwa anacheka, na mikono yake inabonyeza vitu haraka.

"Basi mjibu mtoto wa watu," jirani akasema. "Usimwache anaita peke yake."

Mjukuu akamjibu. Sikio likaendelea kugeuka, likapita juu ya avokado isiyo na kichwa, mlio ukafifia upande wa jua kutokea, ukaisha. Mjukuu alitoka kibandani akaniuliza kama kuna maziwa, amesikia njaa. Nikajua huyu haendi popote.

Jumamosi hiyo kijana wangu mdogo, ambaye ana nyumba yake hapo chini bomani, alikuja na waya wa miiba na nyundo, azibe pale palipobaki wazi kwenye ua. Alisema mbuzi wa jirani watapita waharibu mboga. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nilimwita yeye, na bibi yake, na watoto wote, na mjukuu aliyekuwa amesinzia kibandani, nikawasimamisha pale kwenye uwazi, nikawaambia:

"Huo waya peleka ukafunge kuku. Hapa hapazibwi. Mbuzi akipita, mtamfunga, mtampa nyasi, na mtatuma habari. Na mtu wa nyumba hii asipite hapa mikono mitupu. Aende na maziwa, arudi na ndizi. Na avokado zikiiva, mtu asipige debe."